Kifungo cha Sauti Katika Ordinatere

Wengi kati yenu mnatumia ordinatere kwa kuwasikilizisha watu sauti: mafundisho yaliyonaswa, nyimbo za korale, pengine filme ya siku ya mapumziko. Na wengi mmekwisha kukutana na mambo matatu ya kushangaza. Siku moja unasukuma kifungo cha sauti kilichochorwa kwenye kioo, na sauti haibadiliki hata kidogo. Bafle zinalia kwa nguvu zote. Siku nyingine kifungo kinatii, lakini sauti ikishushwa sana inakwaruza, kama mtu anayesema ndani ya kopo. Siku ya tatu unapandisha kupita 100, kusudi watu wa nyuma nao wasikie, na maneno yanapasuka.

Basi watu wanasema: ordinatere imeharibika, ao waya ni mbaya, ao bafle zimezeeka. Pengine ni kweli. Lakini mara nyingi mambo hayo matatu yanatoka katika shina moja, na mtu akiisha kulifahamu hana haja ya kutoa feza. Shina lenyewe ni hili: kifungo cha sauti cha ordinatere si kifungo. Ni hesabu ya kuzidisha.

Sauti inageuzwa namba

Katika radio ya zamani, kifungo ni kitu cha kushikika. Ndani yake mna kipande kinachozuia umeme. Ukikizungusha, umeme mwingi ao kidogo unapita kwenda kwenye bafle, sawa na maji katika robine. Hakuna hesabu yo yote hapo. Kifungo kinaweza kusimama po pote kati ya mwanzo na mwisho.

Ndani ya ordinatere hamna umeme wa namna hiyo, unaopanda na kushuka pamoja na sauti. Mna namba tu. Fikira hiyo ilitoka kwa Mwingereza mmoja, Alec Reeves, aliyekuwa akifanya kazi ya mambo ya simu mjini Paris. Mwaka 1937 aliwaza hivi: sauti ni hewa inayotikisika, mikro inageuza mtikisiko ule kuwa umeme unaopanda na kushuka, basi tupime umeme ule mara nyingi sana katika kila sekunde, tuandike kila kipimo kwa namba, kiisha tupeleke namba peke yake. Yule anayezipokea atajenga tena mtikisiko ule. Mwaka 1938 aliandikisha uvumbuzi wake katika Ufaransa. Lakini siku zile vyombo vya kufanya kazi hiyo vilikuwa vya gali mno, na miaka mingi ilipita mbele ya fikira yake kufika nyumbani mwa watu.

Ilifika kwa diski ya CD, iliyotolewa na Philips na Sony mwaka 1982. Katika diski hiyo sauti inapimwa mara 44,100 kila sekunde, upande wa kuume na upande wa kushoto, na kila kipimo kinaandikwa kwa biti 16. Ni kusema, kila kipimo ni namba nzima moja, toka 32,767 juu ya sifuri mpaka 32,768 chini yake. Ukizihesabu zote, ni namba 65,536. Kati ya namba moja na ya pili hakuna kitu: hakuna nusu, hakuna robo. Wafratri wa filosofia watakumbuka tofauti ya quantitas continua na quantitas discreta. Wengine walizani ni maneno ya kujaza daftari tu; hapa mtaisikia tofauti hiyo kwa masikio yenu.

Kupunguza ni kupoteza

Unaposukuma kifungo kwenye kioo, programu inachukua kila namba, moja moja, na kuizidisha. Ukitaka sauti nzima, inazidisha kwa 1, ndiyo kusema haigusi kitu. Ukitaka mawimbi yawe nusu ya urefu wake, inazidisha kwa nusu. Hiyo ndiyo kazi yote, mara 44,100 kwa sekunde kwa kila upande, na kwa ordinatere ni kazi nyepesi sana.

Tutwae kipimo kimoja: 20,001. Nusu yake ni 10,000 na nusu. Tutaandika wapi ile nusu? Hakuna mahali pake. Programu sherti ichague 10,000 ao 10,001. Na kama kiisha ukitaka kurudi ulikotoka, ukazidisha kwa 2, utapata 20,000 ao 20,002. Ile 20,001 haipatikani tena.

Mtu atasema: kosa la 1 katika 20,000, nani atalisikia? Hakuna, ni kweli. Lakini sauti haina namba kubwa tu. Mwisho wa wimbo unaozimika polepole, mwangwi wa kanisa, pumzi ya msemaji kati ya neno na neno, hayo yote yanakaa katika namba ndogo: 5, 3, 2, 1. Zizidishe kwa sehemu ya nane, kiisha uandike namba nzima iliyo karibu. Tano inakuwa 1. Tatu, mbili na moja zinakuwa 0. Mwangwi umekatwa mkia. Na kilichobaki hakipandi wala kushuka kwa ulaini. Kinaruka toka 0 mpaka 1 na toka 1 mpaka 0, sawa na mtu anayeshuka ngazi katika giza. Kule kuruka ndiko kunakokwaruza.

Kuna kanuni moja nzuri ya kupima hasara hiyo. Mafundi wanapima kushuka kwa sauti kwa desibeli, na kila mara mawimbi yanapopunguzwa nusu, ni desibeli 6. Kila nusu vilevile inakula biti moja. Ukishusha desibeli 6, umetupa biti 1. Ukishusha 48, umetupa biti 8, na katika 16 zimebaki 8. Badala ya vidaraja 65,536, sauti yako inapanda na kushuka katika vidaraja 256. Nyumba imefanywa fupi, lakini vidaraja vya ngazi havikukubali kuwa vifupi; basi vimepunguzwa idadi.

Mafundi walivumbua dawa moja, nayo mwanzoni inafanana na upuuzi: kuongeza uchafu kusudi sauti iwe safi. Wanaiita ditha. Mbele ya kuondoa kipande kisichokuwa na mahali, programu inaongeza namba ndogo ya bahati, isiyofikia 1. Chukua kipimo kilicho sehemu 3 za 10. Pasipo dawa, kila mara kingeandikwa 0, na sauti ile ingekufa kabisa. Kwa dawa, mara 3 katika 10 kinaandikwa 1, na mara 7 kinaandikwa 0. Ukikusanya vipimo vingi pamoja, wastani wake ni sehemu 3 za 10. Sauti imefufuka, ingawa imevaa uvumi mdogo kama wa upepo. Sikio linasamehe uvumi usiobadilika. Halisamehi mkwaruzo unaofuata maneno.

Je, tusiguse kifungo kamwe?

Kuna watu, tena wenye elimu, wanaofundisha kwamba si vema hata mara moja kushusha sauti ndani ya ordinatere. Hapa mwalimu wetu wa mantiki angesema: distinguo. Kama mlango wa kutokea unapitisha biti 16 tu, wana haki. Lakini ordinatere nyingi za sasa zinaweza kutoa biti 24, ndizo vidaraja 16,777,216. Wimbo wa biti 16 ukiingia katika mlango wa biti 24, chini yake zinabaki nafasi 8 tupu. Unaweza kushusha desibeli 48 nzima, na hakuna namba iliyopotea: imesogea tu katika nafasi zile tupu. Na hesabu yenyewe haifanywi siku hizi kwa namba nzima. Toka Windows Vista, ni kusema toka 2007, Windows inachanganya na kuzidisha sauti kwa namba za biti 32 zenye sehemu za nyuma, ambazo ndani yake nusu na robo zina mahali. Hasara haitokei katika kuzidisha. Inatokea mlangoni, namba inapokatwa ipate kuingia.

Kwa hiyo swali la kuuliza ni hili: mlango wangu una biti ngapi? Tazama katika mipango ya sauti ya ordinatere yako, mahali pa kuchagua namna ya mlango. Ukikuta 16, na 24 inapatikana, chagua 24. Hakuna gharama.

Tuseme pia ukweli mwingine. Mvua ikinyesha juu ya mabati ya kanisa, biti ya 16 haina samani tena, wala ya 12. Mambo haya yanasikika katika kaske, katika chumba chenye kimya, na zaidi katika kazi ya kutengeneza sauti zitakazotunzwa. Hapo tutarudi.

Kifungo kisichotii

Sasa lile jambo la kwanza: unasukuma kifungo, na sauti inabaki vilevile. Mara nyingi linatokea mtu anapoacha tundu la kaske na kutumia mlango wa numeriki, ni kusema mlango unaotoa sauti ikiwa bado namba. Kuna ule wa Sony na Philips, unaoitwa S/PDIF, unaopita kwa waya wa kawaida ao kwa uzi wa mwanga uliotolewa na Toshiba mwaka 1983. Na kuna HDMI, iliyotoka mwaka 2002, inayopeleka picha na sauti pamoja.

Kwenye tundu la kaske, ordinatere yenyewe inageuza namba kuwa umeme, na kile kipande kinachogeuza mara nyingi kina uwezo wa kupunguza. Lakini mlango wa numeriki ni kama mpeleka barua: anapokea bahasha na kuipeleka pasipo kuifungua. Hana kisu cha kupunguza kitu. Anayefungua ni ampli ao televizio iliyo upande wa pili. Basi kama hakuna programu inayozidisha namba mbele ya kumpa mpeleka barua, kifungo hakina mtu wa kumwamuru. Katika Macintosh, ukitumia HDMI ao uzi wa mwanga, mara nyingi kifungo kinafifia na kukataa kusukumwa. Si ugonjwa. Ordinatere inakuambia wazi: kazi hii si yangu, nenda kwenye ampli.

Katika Linux, ambayo wengi wanaipenda kwa sababu haina bei, sehemu inayoshughulika na sauti inaitwa ALSA. Ndani yake mna kipande kiitwacho softvol, kilichofanywa kwa shida hii hasa: mtu anaandika mistari michache katika mipango yake, na kifungo cha hesabu kinazaliwa mahali ambapo chombo hakina kifungo. Asipoandika vingine, kinashusha mpaka desibeli 51. Mtu anayetumia PulseAudio, iliyoanza mwaka 2004, ao PipeWire iliyoifuata, hana haja ya kuandika kitu: programu hizo zinaona kwamba mlango hauna kifungo, nazo zinazidisha zenyewe. Namna ileile kwa meza nyingi za sauti zinazofungwa kwa waya wa USB: kama meza haina kifungo ambacho ordinatere inaweza kukiamuru, hesabu inachukua nafasi yake.

Inabaki hali moja ambayo hata hesabu haiwezi kusaidia. Filme nyingi zina sauti iliyofungwa kwa namna ya Dolby ao DTS. Namba zake si vipimo vya mawimbi tena. Ni mzigo uliokunjwa na kubanwa kusudi uchukue nafasi ndogo. Ukizidisha namba za mzigo ule kwa nusu, hupati sauti ndogo. Unapata kelele tupu, ao ampli inakataa kabisa. Ni kama mtu aliyetaka barua isomwe kwa sauti ya chini, akafuta nusu ya kila herufi. Kwa sababu hiyo programu inaupitisha mzigo mzima bila kuugusa, na kifungo kinakaa bure. Ukitaka kifungo kitii, agiza programu ya filme ifungue mzigo yenyewe na kutoa vipimo wazi, vinavyoitwa PCM.

Hapa kuna hatari ya kweli. Mahali kifungo kisipotii, namba zinatoka na nguvu zake zote. Watoto wameketi mbele, karibu kabisa na bafle, ampli imeachwa juu tangu jana, na filme inaanza kwa mpigo wa ngoma. Sikio lililoumizwa na kishindo cha namna hiyo pengine halirudi kuwa zima. Kwa hiyo shusha ampli mpaka chini mbele ya kuunganisha, anzisha sauti, kiisha pandisha polepole.

Kupita 100

Jambo la tatu ndilo baya kuliko yote. Programu nyingine, kama VLC, zinaruhusu kifungo kupita 100, na watu wanafurahi kama waliopata nguvu za bure. Tufanye hesabu. Tunavyo vipimo vitatu: 18,000, kiisha 20,000, kiisha 25,000. Tukizidisha kwa 2, ingefaa tupate 36,000, 40,000 na 50,000. Lakini katika mlango wa biti 16 namba ya mwisho ni 32,767. Basi vyote vitatu vinaandikwa 32,767. Kilele cha wimbi kimekatwa kama kwa panga, na mahali pake pamebaki uwanja tambarare. Sikio linasikia mpasuko.

Na ukishusha baadaye? Nusu ya 32,767, nusu ya 32,767, nusu ya 32,767. Kipi kilikuwa 18,000 na kipi 25,000, hakuna ajuaye.

Lakini tutofautishe tena. Unaposikiliza tu, kifungo hakigusi kitu kilichotunzwa katika ordinatere. Rudisha 100, na sauti ni nzima kama zamani. Ubaya unaingia wakati mtu anapozidisha na kutunza. Katika misioni nyingi mna kanda za zamani: walimu wazee wakifundisha, waimbaji ambao leo hawako, hadisi za watu waliojua Kiswahili cha siku zile na lugha za kwao. Kanda zinachakaa, na ni vema kuziingiza katika ordinatere mbele hazijakatika. Mtu mwenye nia njema anaona sauti ni ndogo, anaizidisha mpaka iwe kubwa, anaitunza hivyo, na kanda inatupwa. Sauti ya mzee imekatwa vilele daima.

Afanye hivi. Anase kwa biti 24, na aweke mkono wa kuingizia sauti mahali ambapo vilele vikubwa vinafika karibu na robo ya urefu wote, ni kusema desibeli 12 chini ya mwisho. Atapoteza biti 2, zitabaki 22, nazo ni nyingi kuliko kanda yenyewe inavyoweza kutoa. Na angalie mkono ule wa kuingizia, kwani umeme ukikatwa kilele mbele ya kugeuzwa namba, hakuna hesabu itakayomsaidia. Kile alichonasa akitunze jinsi kilivyo, pasipo kukizidisha. Kiisha atoe nakala, na katika nakala azidishe apendavyo.

Vifungo viwili vinavyozidishana

Neno moja juu ya namba zilizoandikwa karibu na kifungo, kwani zinadanganya. Wengi wanazani 50 ni nusu ya mawimbi. Katika PulseAudio, 50 ni nusu iliyozidishwa kwa nusu na tena kwa nusu, yaani sehemu ya nane: desibeli 18 chini. Walifanya hivyo kwa sababu sikio letu halipimi kama mita. Namba zingefuata mawimbi sawasawa, karibu kazi yote ya kifungo ingefanyika pale chini kabisa.

Tena vifungo ni viwili: kile cha programu na kile cha ordinatere nzima. Vyote viwili vikiwa kwenye 50, sauti inakuwa sehemu ya nane ya sehemu ya nane, ndiyo sehemu ya 64: desibeli 36 chini, biti 6 zimeondoka. Mtu anaona sauti ni ndogo, anapandisha ampli, na ampli inapandisha pamoja na uvumi wake yenyewe. Kumbe angeacha programu kwenye 100, na ordinatere kwenye 100 wala si zaidi, na kuiachia ampli ao meza ya sauti kazi ya kupunguza. Kama ampli imefungwa katika kabati ya sakristia na mwenye ufunguo amekwenda safari, ashushe desibeli 10 ao 20 ndani ya ordinatere, kwenye mlango wa biti 24. Hiyo si zambi hata nyepesi.

Anayetaka kujua mlango wake unafanyaje kazi, ajaribu mwenyewe. Chagua wimbo unaozimika polepole mwishoni, weka kifungo cha ordinatere chini kabisa, karibu na 10, vaa kaske iliyofungwa kwenye ampli, na pandisha ampli mpaka usikie vizuri. Mlango wa biti 24 utakupa mwisho laini. Mlango wa biti 16 usio na ditha utakuonyesha vile vidaraja. Ukimaliza, shusha kwanza ampli, kiisha ndipo urudishe kifungo cha ordinatere juu.